N ya Ng'ambo

Kila mgeni mkubwa anapotua Kindu, shule yangu hufungwa. Si yangu peke yake, ni shule zote za Kasuku, upande wetu wa mji, na sababu tunayopewa ni ile ile: njia zitafungwa, pikipiki hazitapita, watoto watafikaje? Wakubwa wa ofisi huisema kwa sauti ya huruma, utadhani wanafunzi wangu huja shuleni wamepakiwa kwenye pikipiki. Nimekuwa mkuu, au direktrisi, wa shule hii ya msingi kwa miaka mingi, na sijaona mtoto akishuka pikipiki mlangoni pangu isipokuwa mmoja aliyekuwa amevunjika mguu. Wanafunzi wangu hutembea. Karibu nusu yao hukaa Alunguli, upande wa pili wa mto Lualaba. Hao hutembea mpaka bichi, yaani pale mitumbwi inapopakia watu, huvuka, kisha hutembea tena.

Na ujumbe ule ule unaofunga shule huwa na mstari wa pili. Wanafunzi wavae sare, wapangwe kandokando ya barabara kubwa, kila mmoja na tawi la mchikichi mkononi, wamwimbie mgeni. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, na kila mara damu hunichemka upya. Ikiwa barabara ni hatari kwa mtoto anayekwenda kusoma, inakuwaje salama kwa mtoto yule yule asimame juu yake tangu asubuhi hadi gari la mgeni lipite? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu akija, mwenyeji hupigwa jua.

Wako watu wazima wenye akili wanaosema kwamba siku kama hizo heri shule zifungwe tu. Mmoja wao ni dada yangu. Anasema magari ya msafara hayana breki, askari hawana subira, mtoto akae kwao. Ningekubaliana naye kama watoto wangekaa kwao. Ningekubaliana naye pia kama nisingekuwa na jambo moja ninalolikumbuka tangu miaka ya vita. Nikilieleza, huenda mtanielewa kwa nini mwaka huu nilikataa kufunga mlango.

Wakati wa vita nilikuwa darasa la sita. Tulikaa Alunguli, mimi na mama na dada yangu, mama akiuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Shule ilikuwa Kasuku. Wenye bunduki walikuwa wameshika mji, na wenye bunduki wengine walikuwa msituni wameuzunguka. Gari-moshi lilikuwa limeacha kuja. Chumvi ilikuja kwa ndege, na ikija tuliilamba kwanza kabla ya kuitia chunguni. Mto ulifungwa na kufunguliwa kama duka la mlevi: leo unavuka, kesho askari amekaa bichi na hataki kuona kasia. Mara nyingine ulifungwa kwa sababu ya risasi. Mara nyingine hatukuambiwa sababu.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Kibombo, Mwislamu, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Hakuwa mpole. Aliyeandika vibaya alipigwa rula kwenye vidole, na kwake karibu sote tuliandika vibaya. Lakini alikuwa na mapenzi ya ajabu na kitabu chake cha mwito, kile cha kuita majina kila asubuhi. Tuliitikia kwa Kifaransa, "présent", naye akaandika P. Aliyekosa aliandikiwa A, absent. A zikijaa, mtoto alifutwa, na aliyefutwa hakufanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Sasa fikiria sisi wa Alunguli. Kwa sheria ile, tungefutwa sote kabla ya Pasaka.

Siku ya kwanza mto ulipofungwa, nilisimuliwa baadaye, mwalimu aliita jina langu. Akauliza, "Huyu iko wapi?" Mtoto mmoja akajibu, "Mwalimu, iko ng'ambo." Mwalimu akashika kalamu, akafikiri, akasema, "Absent ni mutu mwenye kukatala kuja. Huyu hakukatala. Mutoni njo kumekatala." Yaani, mto ndio uliokataa. Akaandika N. Tangu siku hiyo, mto ukifungwa, aliita majina yetu yote bila kuruka hata moja, na darasa zima likaitikia kwa pamoja, "Ng'ambo!" Wenzangu waliniambia kwamba walipenda sehemu hiyo kuliko masomo yote, kwa sababu waliruhusiwa kupiga kelele.

Kisha akaongeza jambo. Kila mtoto wa Kasuku alipewa mwenzake wa Alunguli, na siku mto umefungwa alinakili somo mara mbili, lake na la mwenzake. Masomo yangu yalinakiliwa na msichana niliyekaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa karani wa gari-moshi, na gari-moshi lilipokufa nyumba yao ilibaki na marundo ya karatasi za mizigo. Aliniandikia sehemu na desimali nyuma ya karatasi hizo. Saba zake zilikuwa na mkia mrefu kama wa panya. Mwisho wa ukurasa aliweka maneno yake mwenyewe: "Leo Mwalimu amekosea hesabu ya tatu, tumemwacha tu." Nilikuwa nikirudi shuleni baada ya siku tatu au nne nakuta somo lote juu ya dawati, limewekewa jiwe lisipeperuke. Kama leo najua kugawanya sehemu, nimejifunza kwa mwandiko wake.

Kwa hiyo shule yetu haikufungwa. Risasi zilipolia tuliingia chini ya madawati, na zilipokoma mwalimu aliita majina tena, polepole, akimtazama kila mtoto usoni. Ndipo tukaendelea pale tulipoachia.

Ilifungwa siku moja tu. Kulikuwa na mkubwa mmoja wa wale wenye bunduki aliyekuwa akija kutembelea mji, na amri ikatoka: siku hiyo hakuna masomo, watoto wote barabarani na matawi, wamwimbie. Mto pia ulifungwa kwa ajili ya usalama wake, kwa hiyo sisi wa Alunguli tulibaki kwetu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa mtoto, na siku bila rula ni sikukuu.

Wenzangu walisimama tangu saa mbili. Mkubwa hakuja. Saa sita ikapita, watoto wameketi juu ya matawi yao, na ndipo risasi zikalia pembeni mwa mji. Nani alianza, hatukuambiwa. Darasani wangejua la kufanya: chini ya dawati, kisha majina. Barabarani hapakuwa na dawati, na hapakuwa na mtu mwenye majina. Kila mtoto alikimbilia kule alikokuwa ameelekea uso. Msichana wangu wa saba zenye mikia alionekana mara ya mwisho akikimbia pamoja na wanawake wasiomjua, kwenye njia ya kaskazini, ile ya kwenda Punia.

Mto ulipofunguliwa nilivuka, na juu ya dawati langu palikuwa na jiwe lakini hapakuwa na karatasi. Mwalimu akaita majina. Alipofika kwa jina la rafiki yangu, watoto wakatazamana, kwa maana yeye alikuwa mtoto wa Kasuku, hakuwa na ng'ambo. Mwalimu hakuliruka. Akaliita mara ya pili. Mimi ndiye niliyejibu, "Ng'ambo." Alinitazama, nikadhani nitapigwa. Akainama akaandika N. Aliandika hivyo kila siku mpaka mwisho wa mwaka.

Mama wa yule msichana alikuja shuleni si mara moja. Alisimama mlangoni na kumwuliza mwalimu neno moja tu. "Ile siku, Mwalimu, asubuhi alifika? Kuko mwenye alimuona?" Mwalimu alimfungulia kitabu. Aliweza kumwonyesha kila siku ya mwaka mpaka hapo, mtoto wake yupo, P, P, P, isipokuwa ile siku moja. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa mweupe, kwa sababu amri ilisema hakuna masomo. Mwalimu yule mkali wa rula aligeuka ukutani akalia mbele yetu.

Mpaka leo sijui rafiki yangu aliishia wapi. Na mpaka leo, mtu akiniambia shule zifungwe kwa sababu ya mapokezi, ninachokiona ni ukurasa ule mweupe. Siku shule imefungwa, hakuna anayeita majina ya watoto. Dada yangu anasema ile ilikuwa vita. Namjibu kwamba ndiyo, ilikuwa vita, na katika miaka yote ya vita tulifunga siku moja. Sasa tunaambiwa kuna amani, nami mwaka huu nimefunga siku nyingi hata nimechoka kuhesabu.

Nilipokuwa mkuu wa shule nilirudisha ile N. Sikumwomba mtu ruhusa. Maana siku hizi mto bado hufungwa: siku moja kabla ya mgeni, ili kusafisha bichi na kuzifukuza mashua, na mara nyingine siku moja baada yake. Siku hizo shule zinafundisha kama kawaida, ila mtoto wa Alunguli hafiki. Basi naita jina lake, darasa linaitikia "Ng'ambo!", mwenzake wa dawati ananakili mara mbili.

Mwaka huu nina msichana wa Alunguli darasa la sita. Mama yake hufua nguo za watu. Mtoto huyu anapenda hesabu mpaka anakera: ukimaliza somo, yeye anataka lingine. Wiki tatu kabla ya kufungwa kwa orodha ya mtihani, mkaguzi alikuja kupitia kitabu changu. Ni mtu msafi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na amezaliwa Kasuku karibu kabisa na ofisi. Akafuata jina la mtoto huyu kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikasimama.

"Mama Direktrisi, hii N njo nini?"

"Ng'ambo, Enspekta."

"Miye nasoma néant."

Néant ni neno la ofisi zetu. Fomu ikikuuliza una gari, una shamba, una mume, nawe huna, unaandika néant: hakuna kitu. Tunaandika tangu kuzaliwa, na kila karani wa nchi hii akiona N peke yake kwenye kisanduku, akili yake inamkimbilia huko.

"Haiko néant," nikamwambia. "Zile siku mutoni kulifungwa. Mutoto wa Alunguli apite wapi, juu ya maji?"

"Miye sikufunga mutoni."

"Lakini nyinyi njo munapokea wageni."

Akacheka kidogo, kama mtu anayemcheka mtoto. "Mama, mutoto mwenye iko na néant kumi na mbili, miye siwezi kumutia kwa liste. Siku ya mwisho nitapita hapa kwako saa moja asubuhi, nitasaini. Kama haujapanga hii mambo, liste itaenda bila yeye."

Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango na chaki za darasa. Alisikia neno lote. Hakulia. Aliniuliza jioni ile, "Mwalimu, miye njo néant?" Nikamwambia hapana.

Siku ya mwisho ya orodha ikakaribia, na jioni ya kuamkia siku hiyo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: kesho mukubwa anafika, atavuka kwenda Alunguli kuweka jiwe la msingi, shule zote zifungwe, watoto barabarani. Wanafunzi walikuwa wameshatawanyika. Alunguli hakukuwa na umeme siku hizo, simu za watu zimezima. Ningewaambia kwa kupiga ngoma?

Asubuhi nilifika mapema, nikawakuta kwenye ngazi. Wale waliopanda mitumbwi ya kwanza walikuwa wamevuka tayari, yule msichana akiwa wa mbele, na nyuma yao mto ukafungwa. Hawakuweza kurudi kwao. Watoto wa Kasuku nao walikuja wachache, wale wasio na redio. Walimu wenzangu walikuwa wameitwa barabara kubwa. Nikasimama na ufunguo mkononi. Nisipofungua, watoto hawa watakaa wapi mpaka mto ufunguliwe? Barabarani, na tawi. Nikafungua, nikawaweka wote katika darasa moja, wakubwa nyuma, wadogo mbele, nikaita majina. Wale wa mitumbwi ya pili walikuwa ng'ambo, na darasa liliitikia kwa nguvu hata kunguru wakaruka juu ya bati.

Haikupita saa, mama mmoja wa kamati ya mapokezi akaingia uwanjani. Alikuwa amevaa kitenge kipya chenye sura ya mgeni. Sura moja kifuani, nyingine imemkalia nyuma.

"Mama Direktrisi, watoto wako hawako kwa mustari! Unakatala mukubwa?"

"Mukubwa sikatale, mama. Nakatala jua."

"Nitaandika jina yako."

"Andika. Miye pia naandika."

Akaondoka na sura zake zote mbili. Niliwapa watoto imla ndefu ili wasiniangalie.

Saa moja ilikuwa imepita zamani na mkaguzi hakuwa amefika. Nikaanza kuogopa. Orodha ilikuwa mezani, jina la mtoto nimeliandika mwenyewe kwa wino, bila saini. Saa tatu simu ikalia. Nilisikia ngoma na filimbi kabla ya kusikia sauti yake.

"Mama Direktrisi, niko huku Alunguli. Nilivuka mapema kuangalia matao ya mapokezi, sasa wamefunga mutoni. Hata mutumbwi moja haiko."

"Pole, Enspekta."

"Kwa kitabu ya wageni uniandike tu kama nilifika. Liste nitasaini kesho."

"Liste haifungwe leo?"

"Njia imefungwa, Mama! Haiko kosa yangu!"

Yule msichana alikuwa dawati la mbele, ameacha kuandika, ananitazama midomo.

"Kweli, Enspekta," nikasema. "Haiko kosa yako. Sitakuandika absent. Nitakuandika N."

"Néant?" akauliza kwa sauti ya kushinda ngoma.

"Ng'ambo."

Akakata simu. Nilifungua kitabu cha wageni, nikaandika tarehe, cheo chake na herufi ile, kubwa, kwa wino mwekundu.

Alikuja kesho yake saa moja kamili, viatu vina tope la bichi. Alisoma kitabu cha wageni akiwa amesimama. Alikisoma muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma herufi moja. Hakusema samahani, na mimi sikuitaka. Aliomba orodha, akaipitia mpaka kwenye jina la yule mtoto, akasaini chini na kupiga muhuri. Nikashusha pumzi.

Kisha akavuta kitabu cha mwito. Akakuta ukurasa wa jana umejaa, P za waliofika na N za waliofungiwa mto. "Jana masomo haikuwako," akasema, na kabla sijafungua kinywa alikuwa ameupiga mstari kutoka pembe hadi pembe, akaandika juu yake kwa herufi nzuri za ofisi: Néant. Akaeleza kwamba ananilinda mimi, maana kitabu hicho kikionekana kimejaa siku ya mapokezi nitaulizwa. Labda ni kweli. Akaniaga vizuri akaondoka.

Nilibaki nimekaa na ukurasa ule. Watoto wale walikuwa wamefika, wameandika imla, wawili wamepigana, mmoja ametapika, na ofisi inasema hakuna kitu. Nilimwita yule msichana, nikamtuma kwa jirani aniletee unga kidogo wa muhogo. Tulikoroga gundi kwenye kifuniko cha kopo. Nilichukua karatasi mpya, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika majina yote upya, yeye akinisomea na mimi nikiweka alama. Kisha tukaibandika juu ya lile neno, tukaikandamiza kwa mawe manne pembe zote mpaka ikakauka.

Mama yeyote akija kusimama mlangoni kuniuliza kama siku ile mtoto wake alifika, nitamfungulia ukurasa huo.